Siasa ya Kiasi na Soko Huru katika Kujengwa Upya kwa Ujerumani ya Magharibi, 1945–1959

Habari za kuinuka kwa Ujerumani ya Magharibi baada ya Vita Kuu vya Pili husimuliwa kwa namna mbili zilizo maarufu. Wasimulizi wa kwanza husema kwamba nchi ile iliinuliwa na soko: Jumapili, tarehe 20 Juni 1948, fedha mpya ilitolewa, bei zikafunguliwa, na asubuhi ya Jumatatu maduka yaliyokuwa matupu yakaonekana yamejaa bidhaa. Wasimulizi wa pili husema kwamba iliinuliwa na fedha za Marekani. Kila masimulizi yana ukweli wake, lakini yote mawili huacha swali moja bila jibu. Soko lililofunguliwa mwaka 1948 liliwaumiza watu wengi waziwazi, na mwaka uliofuata watu hao walipewa kura. Kwa nini, basi, hawakulipindua?

Jibu la swali hilo limo katika kiasi cha siasa. Kiasi kinachotajwa hapa si upole wa tabia, wala kusimama katikati ya njia kwa kuogopa pande zote mbili. Ni desturi ya mshindi kujifunga kwa sheria ili aliyeshindwa apate fungu lake, pamoja na desturi ya aliyeshindwa kuendelea kulidai fungu hilo ndani ya baraza, asilivunje baraza lenyewe. Desturi hiyo ilijengwa polepole, kwa mapatano mengi ambayo hakuna upande ulioyapenda yote, na katika mahali pamoja au pawili ililipiwa gharama isiyokuwa halali.

Vita vilipokwisha barani Ulaya tarehe 8 Mei 1945, Ujerumani haikuwa tena na serikali yake yenyewe. Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi ziliigawa nchi katika maeneo manne ya utawala wa kijeshi. Miji kama Köln, Hamburg na Kassel ilikuwa vifusi. Bei zilikuwa zimefungwa kwa amri tangu mwaka 1936, na watawala wapya waliendelea kuzifunga. Lakini serikali ya Hitler ilikuwa imegharimia vita kwa kuchapa noti, hata fedha zikawa nyingi mno na vitu vichache mno. Bei ya sheria ilikuwa ndogo, ila kitu chenyewe hakikupatikana kwa bei hiyo. Sigara za Kimarekani zikashika nafasi ya fedha. Watu wa mijini walipanda treni wakichukua mazulia na saa zao, wakaenda mashambani kuvibadilisha kwa viazi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1946 na miezi iliyofuata, mgao wa chakula katika miji ya bonde la Ruhr ulishuka hadi kalori 1,000 hivi kwa siku, na penginepo chini ya hapo. Juu ya hayo, mamilioni ya Wajerumani walifukuzwa kutoka nchi za mashariki, wakaingia katika miji ile ile isiyokuwa na nyumba. Mwaka 1950 watu hao walikuwa karibu milioni 8 katika taifa la watu wapatao milioni 50.

Katika hali kama hiyo haikuwa ajabu kwamba watu wengi waliitazama serikali, wala hawakulitazama soko. Kurt Schumacher, kiongozi wa Chama cha Kisosholisti cha Kidemokrasi, alikuwa amepoteza mkono katika Vita Kuu vya Kwanza na kukaa karibu miaka 10 katika makambi ya mateso ya Hitler. Aliamini kwamba matajiri wa viwanda vikubwa walimsaidia Hitler kushika madaraka, na kwamba demokrasia haitakuwa salama mpaka viwanda hivyo viwe mali ya umma. Tarehe 1 Desemba 1946 wananchi wa jimbo la Hessen walipigia kura kifungu cha katiba kilichoamuru viwanda vikuu viwe mali ya umma, na zaidi ya asilimia 70 walikikubali. Hata Umoja wa Kikristo wa Kidemokrasi, uliokuwa na wafuasi wengi miongoni mwa wakulima na wenye maduka, ulitoa katika mji wa Ahlen mnamo Februari 1947 tamko lililosema kwamba ubepari haukuwafaa Wajerumani, na kwamba migodi ya makaa ya mawe iwe mikononi mwa umma. Konrad Adenauer, meya wa zamani wa Köln aliyeondolewa na Wanazi mwaka 1933, alilikubali tamko hilo, ingawa hakuwa mtu wa kupenda mali ya umma.

Inafaa kukumbuka pia kwamba uchaguzi kati ya njia hizo mbili haukuwa wa Wajerumani peke yao. Jenerali Lucius Clay, mtawala wa kijeshi wa Marekani, alizuia utekelezaji wa kifungu cha Hessen. Na baraza la Nordrhein-Westfalen lilipopitisha mwaka 1948 sheria ya kuifanya migodi ya makaa kuwa mali ya umma, Waingereza walikataa kuithibitisha. Kwa hiyo soko huru lilipewa nafasi na mkono wa mshindi wa vita kabla ya kukubaliwa na wapiga kura. Jambo hilo lingaliweza kuwa chanzo cha chuki ya miaka mingi. Kuepukwa kwa chuki hiyo kulitegemea matendo ya wale waliopendelewa.

Mtu aliyepewa kazi ya kulifungua soko ni Ludwig Erhard, mwana wa mwenye duka katika mji wa Fürth, aliyezaliwa mwaka 1897 na kujeruhiwa vibaya katika vita vya kwanza. Mnamo Machi 1948 alifanywa mkuu wa idara ya uchumi katika maeneo ya Marekani na Uingereza yaliyounganishwa. Mawazo yake yalikuwa karibu na yale ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Freiburg, ambao mkubwa wao alikuwa Walter Eucken. Hao walifundisha kwamba soko halijitunzi lenyewe. Likiachwa, wenye nguvu hupatana juu ya bei na kuwafungia wengine mlango. Hivyo ni wajibu wa dola kuyavunja mapatano hayo na kuilinda thamani ya fedha, kisha iache bei zipandane na kushukiana kwa ushindani.

Jina lililopewa siasa hiyo, Soziale Marktwirtschaft, lilitolewa na Alfred Müller-Armack katika kitabu cha mwaka 1947, nalo lastahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha. Katika Kiswahili laweza kuelezwa kuwa ni uchumi wa soko wenye kuijali jamii. Kutumia neno ujamaa mahali hapa kungepotosha maana, kwa kuwa neno hilo tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 limefungamana na kumiliki pamoja njia kuu za uchumi. Na Kijerumani chenyewe hutenga sozial na sozialistisch. Lakini hata kwa Wajerumani jina lile lilikuwa na maana mbili. Erhard alielekea kuamini kwamba soko lenye ushindani wa kweli lina wema wa kijamii ndani yake, kwa sababu hushusha bei na kumfaa mnunuzi mdogo. Wakatoliki wa vyama vya wafanyakazi, waliokuwa ndani ya chama kile kile, walilielewa kuwa ni soko lililotiwa lijamu na sheria. Mwanafalsafa angeuita utata huo kosa. Katika siasa ulikuwa na faida kubwa, kwa maana watu wa fikira mbalimbali walipata kuishi chini ya jina moja, kila mmoja akimkumbusha mwenzake nusu ya jina aliyoisahau.

Fedha mpya haikuwa kazi ya Erhard. Noti zilichapwa Marekani, na masharti yake yaliamuliwa na mataifa yaliyotawala. Kila mtu alipewa kwanza marki 40, na baadaye 20 zaidi. Mishahara na kodi za nyumba zilihesabiwa marki moja mpya kwa moja ya zamani. Madeni yalipunguzwa hadi sehemu moja ya kumi. Na akiba zilizowekwa benki zilipunguzwa hata, mwisho wa hesabu, aliyekuwa na marki 100 alibaki na 6.50. Kazi ya Erhard ilikuwa sheria iliyopitishwa mwezi ule ule katika Baraza la Uchumi mjini Frankfurt, iliyomruhusu kufungua bei za bidhaa nyingi kwa mkupuo mmoja.

Dhuluma ya siku ile ilikuwa dhahiri. Bidhaa zilizojaa madirishani siku ya Jumatatu hazikutengenezwa usiku wa Jumapili. Zilikuwa zimefichwa maghalani zikingoja fedha yenye thamani. Mjane aliyeweka akiba benki alinyang'anywa karibu yote, na mfanyabiashara aliyeficha viatu kinyume cha sheria alipata faida. Mwenye kiwanda, shamba au nyumba alibaki na mali yake yote, na deni lake likapungua. Mkimbizi kutoka mashariki alianza na marki zake 40 tu. Hata hivyo kufunguliwa kwa bei hakukuwa kwa vitu vyote. Bei za mkate, makaa ya mawe na umeme, pamoja na kodi za nyumba, ziliendelea kushikwa na serikali, na kodi za nyumba zilishikwa kwa miaka mingi. Soko lilifunguliwa mahali ambapo mtu aliweza kungoja, likazuiliwa mahali ambapo kungoja kulikuwa ni kufa kwa njaa au baridi.

Kizuizi hicho hakikutosha kuleta utulivu. Katika nusu ya pili ya mwaka 1948 bei zilipanda upesi, na mishahara ilikuwa bado imefungwa kwa amri hadi mwanzo wa Novemba. Mjini Stuttgart, mwishoni mwa Oktoba, mkutano wa kulalamikia bei uliishia katika ghasia, na askari wa Marekani wakatumia moshi wa kutoa machozi. Tarehe 12 Novemba vyama vya wafanyakazi viliitisha mgomo, na watu zaidi ya milioni 9 waliacha kazi. Walitaka bei zitawaliwe tena, na wafanyakazi wapewe sauti katika uendeshaji wa uchumi. Katika Baraza la Uchumi, Wasosholisti walijaribu kumwondoa Erhard kwa kura, wakashindwa.

Mambo mawili ya wakati ule yalikuwa na uzito kuliko hotuba zake. La kwanza, mgomo ulitangazwa kuwa wa siku moja, nao ukawa wa siku moja. Viongozi wa wafanyakazi walionyesha nguvu ambayo ingaliweza kuiangusha nchi, kisha wakaizuia. La pili, Erhard hakurudisha amri za bei, lakini hakujifanya kwamba hakuna kilio. Sheria ya kuwaadhibu wenye kupandisha bei kwa ulanguzi ilikuwa imekwisha kutolewa, na serikali ilisimamia utengenezaji wa viatu na nguo za bei nafuu kwa ajili ya watu wote. Benki kuu nayo ilibana mikopo. Mwanzoni mwa mwaka 1949 bei zilianza kushuka.

Uchaguzi wa kwanza wa Jamhuri ya Shirikisho, tarehe 14 Agosti 1949, haukuwa shangilio la soko. Wakristo wa Kidemokrasi na wenzao wa Bavaria walipata asilimia 31.0, na Wasosholisti asilimia 29.2. Adenauer, mwenye umri wa miaka 73, alichaguliwa kuwa Kansela kwa kura 202, ambazo ndizo hasa zilizohitajiwa katika bunge la watu 402. Kura moja ikipungua, angekosa. Yako mabaraza ambamo mshindi wa namna hiyo hutafuta kuwanyamazisha wapinzani wake kabla hawajampata. Adenauer alikuwa mshindani mkali, na maneno yake kwa Schumacher hayakuwa na upole. Walakini katika mambo yaliyogusa riziki za watu, mara kwa mara alitafuta mapatano.

Mapatano hayo yalihitajiwa upesi. Mnamo Februari 1950 watu karibu milioni 2 hawakuwa na kazi. Vita vya Korea vilipoanza mwezi wa Juni mwaka huo, bei za malighafi zilipanda, makaa ya mawe yakawa haba, na mwaka 1951 Wamarekani wenyewe, waliolipenda soko, walimtaka Adenauer arudishe usimamizi wa serikali. Njia iliyopatikana ilikuwa ya kati: kwa sheria ya Januari 1952 viwanda vyote vilichanga marki bilioni 1 kwa ajili ya migodi, chuma na umeme, ambako bei zilizofungwa hazikuacha faida ya kutosha kujenga upya. Waliofaidika na soko waliwalipia wale waliozuiwa kufaidika.

Wakati huo huo wafanyakazi wa migodi na viwanda vya chuma walitishia kugoma, wasipopewa nafasi katika mabaraza ya kusimamia makampuni yao. Mnamo Januari 1951 Adenauer alikutana na Hans Böckler, kiongozi wa muungano wa vyama vya wafanyakazi. Sheria iliyotoka mwaka ule iliwapa wafanyakazi na wenye hisa viti sawa katika mabaraza hayo, na mtu mmoja asiyekuwa wa upande wowote kati yao. Wafanyakazi hawakupata mali ya umma waliyoitaka mwaka 1946. Wenye mali hawakubaki na amri peke yao. Böckler alikufa Februari 1951, kabla sheria hiyo haijatiwa sahihi.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuwa deni la haki lililoachwa na vita na kuongezwa na fedha mpya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema Waswahili. Na Wajerumani waliobaki na nyumba zao waliona kuwa mepesi mizigo ya waliofukuzwa. Sheria ya mwaka 1952 iliitwa Lastenausgleich, maana yake kusawazisha mizigo. Mwenye mali iliyozidi kiwango fulani alitozwa nusu ya thamani ya mali aliyokuwa nayo tarehe 21 Juni 1948, siku ya kwanza ya fedha mpya. Tarehe hiyo ilikuwa ni ungamo: faida ya siku ile haikuwa yote ya mwenyewe. Malipo yaligawanywa kwa muda wa miaka 30, hivyo wengi waliweza kulipa kutoka katika mapato bila kuuza kiwanda au shamba, na jinsi uchumi ulivyokua ndivyo mzigo ulivyopungua. Waliofukuzwa walilalamika kwamba kilichotolewa kilikuwa kidogo, na kweli hakikulingana na walichopoteza. Lakini kilitosha kununulia vyombo vya nyumba na kuanzia kazi. Pamoja nacho zilijengwa nyumba: sheria ya mwaka 1950 iliazimia nyumba milioni 1.8 katika miaka 6, na idadi hiyo ilipitwa. Alama ya mafanikio yake imo katika hesabu za kura. Chama cha waliofukuzwa kilipata asilimia 5.9 mwaka 1953, kikatiwa katika serikali. Mwaka 1957 kilipata asilimia 4.6, kikatoka bungeni. Watu waliotarajiwa kuwa jeshi la hasira walikuwa wamekwisha kuwa wapiga kura kama wengine.

Msaada wa nje haufai kudharauliwa. Kwa mpango wa Marshall, Ujerumani ya Magharibi ilipata dola bilioni 1.4 hivi. Pengine lenye uzito zaidi ni mapatano ya London ya Februari 1953, ambayo yalipunguza madeni yake ya nje kwa takriban nusu na kuyapa yaliyobaki muda mrefu wa kulipwa. Wadai walikumbuka yaliyofuata mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Kiasi kilichotakiwa kwa Wajerumani ndani ya nchi kiliwezekana kwa sababu wageni nao walikuwa na kiasi katika kudai.

Walakini haki yataka upande wa pili wa hesabu uandikwe. Amani ya ndani ilinunuliwa pia kwa kunyamaza. Sheria ya mwaka 1951 iliwarudishia kazi na haki zao maofisa wengi waliomtumikia Hitler, na karibu bunge zima liliiunga mkono. Hans Globke, aliyeandika maelezo ya sheria za kibaguzi za Nuremberg, alikuwa mkuu wa ofisi ya Adenauer tangu 1953 hadi 1963. Müller-Armack mwenyewe aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha Nazi. Kiasi kilichomfaa mwenye deni na mgomaji kilimfaa pia mwenye hatia, na mashahidi wa waliouawa waliambiwa wangoje. Kwa upande mwingine, mapatano ya mwaka 1952 ya kuilipa Israel marki bilioni 3 yalipita bungeni mwaka uliofuata kwa msaada wa Wasosholisti, kwa kuwa wengi wa upande wa serikali hawakuyapigia kura. Hapo wapinzani walikuwa nguzo ya heshima ya taifa. Tena uvumilivu ulikuwa na mipaka yake: chama kilichofuata nyayo za Wanazi kilipigwa marufuku mwaka 1952, na chama cha Kikomunisti mwaka 1956.

Mwaka 1957 chama cha Adenauer kilipata asilimia 50.2 ya kura. Mwaka huo huo Erhard alipata sheria ya kuzuia mapatano ya bei aliyoipigania kwa miaka mingi, lakini wakubwa wa viwanda walikuwa wameipunguza makali. Tena bila ya kuridhika kwake pensheni za wazee zilifungamanishwa na mishahara, ili wasiofanya kazi tena nao wapate sehemu ya ukuaji. Hivyo mwanzilishi wa soko alishindwa mara mbili ndani ya chama chake, na siasa aliyoianzisha ikapata nguvu kwa kushindwa kwake. Mnamo Novemba 1959 Wasosholisti walikutana Bad Godesberg, wakaiacha itikadi ya Marx na kuyakubali mashindano ya soko, wakibakiza kwa serikali kazi ya kupanga pale inapolazimu. Wengine waliwaita wasaliti. Lakini soko walilolikubali mwaka 1959 halikuwa lile la Juni 1948. Lilikuwa limekwisha kutiwa viti vya wafanyakazi, nyumba za wakimbizi, pensheni na kodi ya mizigo, na sehemu kubwa ya mambo hayo ilikuwa madai yao wenyewe.

Ndiyo maana kura za wenye kuumizwa hazikulipindua soko. Kila waliposhindwa walipata sababu ya kungoja uchaguzi mwingine, na kila waliposhinda wenye mali walilipa sehemu ya ushindi wao. Kodi ya kusawazisha mizigo iliendelea kutozwa kwa mafungu, robo mwaka baada ya robo mwaka, chini ya serikali za vyama vyote viwili vikubwa. Fungu lake la mwisho lilidaiwa mwaka 1979. Adenauer alikuwa amekufa mwaka 1967, na Erhard mwaka 1977.